Kalamu za kale si mapambo, zirudishwe kazini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo umezoeleka mno vinywani mwa wafanyabiashara na wanachama wa vyama vya ushirika, hata tumesahau kuwa daftari nalo halijiandiki. Huandikwa kwa mkono, na mkono huhitaji chombo. Leo nanuia kukizungumzia chombo hicho, tena si kwa ujumla wake, bali aina yake moja ambayo viwanda vingi viliacha kuiunda zamani: kalamu ya wino yenye nibu, ile ambayo walimu wa zamani waliichomeka kwenye mfuko wa shati wakatambulikana kijiji kizima.

Mimi ni mwalimu, na ni mmoja wa watu wachache katika eneo hili la Mlima Kenya wanaozikusanya kalamu hizo. Kwa miaka mingi nimezitafuta Nyeri mjini, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu na hata Meru. Nimezipata juu ya meza za mafundi wa saa, katikati ya mikanda iliyokatika na saa zilizosimama. Nimezipata sokoni Karatina chini ya rundo la vitasa na funguo zisizo na kufuli. Nyingine nimeonyeshwa majumbani, zikiwa zimeviringishwa kwa kitambaa ndani ya sanduku la bati, pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za karo.

Wanaonijua hudhani kwamba nafurahia vitu vya kale kwa sababu ni vya kale. La hasha! Hoja yangu ni nyingine, na ningependa walimu wenzangu na wanafunzi waipime. Nasema kwamba kalamu ya kale isiyoandika ni chuma na plastiki tu. Na kalamu iliyotenganishwa na maandishi yake ni shahidi aliyekatwa ulimi. Anayekusanya kalamu hizi na kuzifungia kabatini amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Kwanza natuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kabla ya mwisho wa karne ya 19, mwandishi alichovya nibu ya chuma katika kidau cha wino, akaandika maneno machache, akachovya tena. Mwaka 1884 Mmarekani Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu iliyobeba wino wake tumboni na kuutoa kwa kiasi. Miaka minne baadaye, katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, mwalimu wa upigaji simu za maandishi aitwaye George Parker alianzisha kampuni yake. Alikuwa akiwauzia wanafunzi wake kalamu, na kwa kuwa ziliharibika kila mara, alichoshwa na kuzitengeneza akaamua kuunda iliyo bora. Walimu wenzangu, msidharau kazi yenu: mojawapo ya kampuni mashuhuri zaidi za kalamu duniani ilizaliwa katika darasa la mwalimu aliyewahurumia wanafunzi wake.

Walifuata wengine. Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison huko Iowa, alipata mwaka 1908 hataza ya wenzo mdogo ulio ubavuni mwa kalamu. Ukiuinua, wenzo huo hukamua mfuko wa mpira ulio ndani. Ukiuachilia, mfuko hutanuka na kuvuta wino. Huko London, kampuni ya Conway Stewart ilianzishwa mwaka 1905 ikatengeneza kalamu za rangi za kupendeza mno hadi ilipofunga milango mwaka 1975.

Baadhi ya kalamu zilizoachwa kutengenezwa ni za ajabu kweli. Parker 51, iliyoingia madukani Marekani mwaka 1941, ina nibu iliyofunikwa ikachungulia ncha tu, kama kobe anayetahadhari. Jina lake latokana na miaka 51 ambayo kampuni ilikuwa imetimiza mwaka 1939. Utengenezaji wake ulikoma katika miaka ya 1970, na ile iliyotolewa kwa jina hilo hilo mwaka 2021 ni kalamu nyingine kabisa kwa ndani. Parker 61 ya mwaka 1956 haikuwa na wenzo wala pampu: uliisimamisha kichwa chini ndani ya wino, ikanywa yenyewe. Nayo Snorkel ya Sheaffer, iliyotoka mwaka 1952, ina mrija mwembamba unaojitokeza chini ya nibu na kufyonza wino, ili nibu yenyewe isichafuke. Nimewahi kuionyesha darasani, na wanafunzi walioniona nikiuzungusha mwisho wa kalamu hadi mrija ukachomoza waliipigia makofi kama waliotazama mazingaombwe.

Ni nini basi kilichoziua? Ni kalamu ya biro. Mhungaria László Bíró aliipatia hataza kalamu yenye kigololi nchani mwaka 1938, na mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akatoa ile kalamu ya plastiki angavu ambayo kila mmoja wetu ameishika. Biro haivuji ovyo, haihitaji chupa ya wino, na bei yake haimshindi mzazi maskini. Sitaki kuisingizia ubaya. Laiti si biro, watoto wengi waliojaa madarasani elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003 wangeandikia nini? Biro ilishinda kwa haki. Ila ushindi wake ulikuja na tabia moja mpya: tulijifunza kuitupa kalamu. Na aliyezoea kuitupa kalamu si ajabu akazoea kuyatupa maandishi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili kwetu sisi wakazi wa miji ya Mlima Kenya. Katika eneo hili kalamu haikuwa pambo hata siku moja. Ilikuwa mamlaka. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alilazimishwa kubeba kipande ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, na humo mwajiri alitia sahihi kuonyesha kuwa amemruhusu aondoke kazini. Bila sahihi hiyo mtu alihesabiwa kuwa mtoro. Tafakari, msomaji: kidole kilikuwa cha mfanyakazi, kalamu ilikuwa ya mwajiri. Mwenye kalamu ndiye aliyeamua ni nani aliye huru kutembea barabarani.

Haishangazi kwamba watu wa sehemu hii waliing'ang'ania elimu ya kuandika kwa meno na kucha. Walijifunza kwa Wamisheni wa Kanisa la Scotland pale Tumutumu, na kwa mapadri wa Consolata pale Mathari, ambao tangu mwaka 1916 walikuwa wakichapisha jarida la Kikuyu la Wathiomo Mukinyu. Mwalimu aliyetoka huko na kalamu mfukoni hakuwa akijigamba tu. Alikuwa akiwasomea majirani barua za watoto wao waliokuwa mbali na kuwaandikia majibu. Karani wa kiwanda cha kahawa aliandika kilo za kila mkulima, na tarakimu moja iliyokaa vibaya ingeweza kumnyima mtoto karo. Kalamu ilikuwa mikononi mwa watu walioaminiwa.

Hata vitani kalamu haikuwekwa chini. Dedan Kimathi, aliyezaliwa Tetu mwaka 1920 na kusomea Karuna-ini, aliandika barua nyingi na kusisitiza kwamba kumbukumbu zitunzwe msituni. Baadhi ya karatasi zake zilihaririwa na Maina wa Kinyatti na kuchapishwa mwaka 1987. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia msitu wa Aberdare mwaka 1953, alikuwa katibu huko, na mwaka 1966 alitoa kitabu kuhusu vita hivyo akishirikiana na Donald Barnett. Naye Gakaara wa Wanjau, aliyekuwa na matbaa yake mjini Karatina, alitiwa kizuizini mwaka 1952 na akaandika shajara kwa siri. Shajara hiyo ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983 ikamfanya awe mmoja wa washindi wa Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Hoja si kama walitumia kalamu ya nibu au ya risasi. Hoja ni kwamba waliandika, na mtu fulani akayahifadhi maandishi hayo. Lau yangetupwa, leo tungewajua wapiganaji hao kwa maneno ya waliowahukumu pekee. Na hata maneno ya mahakama hayakuwa salama: kumbukumbu za kesi ya Kimathi ya mwaka 1956, iliyosikilizwa Nyeri, zilidhaniwa kwa miongo mingi kuwa zimepotea, hadi zilipokuja kuchapishwa kitabuni mwaka 2017.

Linganisha hayo na mfano mwingine wa papa hapa Nyeri. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, kuanzia mwaka 1938 hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Alipokuwa hapo aliendelea kuandika na kuchora vitabu. Nyumba yake imehifadhiwa, kaburi lake latunzwa, na maskauti wa mataifa mengi huja kulizuru. Sina kinyongo na jambo hilo; mgeni akitunziwa kumbukumbu zake ni sifa kwa mwenyeji. Lakini swali halikwepeki: yako wapi madaftari ya walimu wetu wenyewe, waliofundisha miaka hiyo hiyo, kilomita chache kutoka hapo, kwa mshahara mdogo na madarasa ya udongo?

Nitakwambia yaliko. Mengi yamewashia moto. Katika boma moja karibu na Karatina nilionyeshwa kalamu nzuri ya wenzo iliyokuwa ya marehemu baba wa nyumba, mwalimu wa miaka mingi. Nilipouliza kama aliacha maandishi yoyote, kijana wake alinijibu kwa adabu, "Yalikuwepo, mwalimu, sanduku zima. Mvua ilipozidi kuni zikawa mbichi, tukayatumia jikoni." Kalamu ilikuwa imeokoka kwa sababu ilidhaniwa kuwa na bei. Yale iliyoyaandika yalidhaniwa kuwa hayana.

Kalamu nazo hazisalimiki zote. Nibu nyingi za zamani ni za dhahabu ya karati 14, kwa kuwa dhahabu haiozwi na wino. Na nchani huwekewa chembe ya madini magumu ili isichakae upesi. Mnunuzi asiyejali huing'oa nibu akaipeleka kwa sonara ipimwe na kuyeyushwa, kisha mwili wa kalamu hutupwa. Nyingine huchukuliwa na wapita njia wanaojua thamani yake ng'ambo, zikaenda kulala kwenye kabati za watu wasioijua Othaya wala Tumutumu. Huo ni uchuuzi wa kumbukumbu zetu, na sisi wenyewe ndio tunaokubali bei ya kikombe cha chai na andazi.

Tofauti na hao, nilimkuta mzee mmoja upande wa Othaya, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na Parker 51 ya rangi nyeusi. Nilimwomba aniuzie. Hakutaja bei. Aliniuliza, "Utaiandikia nini, mwalimu?" Nilipokawia kujibu, akaendelea, "Mimi niliandikia andalio la somo kila jioni. Ukitaka kuiweka kwenye kioo, iache hapa nife nayo. Ukiwa na kazi ya kuipa, ichukue." Nilimwahidi kazi. Ndipo akanitolea pia madaftari matatu ya maandalio yake, yaliyoandikwa kwa mwandiko ulionyooka kama mistari ya chai shambani, pamoja na maoni aliyojiandikia mwenyewe pembeni baada ya kila somo: hapa hawakuelewa, hapa nirudie kesho. Nimejifunza ualimu zaidi katika pembe za madaftari hayo kuliko katika semina nyingi. Kama ningeondoka na kalamu pekee, ningekuwa nimeondoka na ganda nikaacha kiini.

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, kuitumia kalamu ya kale si kuiharibu? Sivyo. Kinachoziharibu hasa ni wino kukaukia ndani. Iliyokaa miaka mingi iloweshwe nibu yake katika maji baridi, kamwe si ya moto, kwa kuwa maji ya moto hupinda baadhi ya plastiki za zamani. Kisha ijazwe maji na kumwagwa hadi yatoke safi. Mfuko wa mpira uliokakamaa hubadilishwa, si mwisho wa kalamu. Wino uwe ule wa kalamu za nibu. Wino wa mihuri au wa kuchorea utaiziba. Na iandikiwe kila siku chache.

Kuna na somo la fizikia ndani yake. Wino hushuka kupitia mfereji mwembamba ulio chini ya nibu, na kadiri unavyoshuka ndivyo hewa inavyopanda kuchukua nafasi yake. Mpasuko wa nibu huuvuta hadi nchani kama utambi wa koroboi uvutavyo mafuta ya taa. Sasa, mtu akiijaza nusu huko Mombasa, ufukoni mwa bahari, kisha akapanda nayo hadi Nyeri, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa nje hupungua, hewa iliyo ndani hutanuka, na wino husukumwa nje ukamchafua shati. Dawa ni kusafiri nayo ikiwa imejaa pomoni au tupu kabisa, nibu ikiangalia juu. Mwalimu wa fizikia wa Nanyuki au Nyeri anaweza kulifundisha hilo kwa kalamu moja ya babu, na mwanafunzi asilisahau maishani.

Najua pingamizi lililo kubwa zaidi. Wapo watakaosema kwamba shule zina upungufu wa madawati na walimu, nami napiga domo kuhusu kalamu za watu walioishi zamani. Pingamizi hilo ni la haki na halistahili kubezwa. Lakini simwombi mzazi yeyote anunue kitu. Nasema kuhusu vitu ambavyo tayari viko majumbani mwetu, ambavyo havitatugharimu ila uangalifu, na ambavyo miaka michache ijayo havitakuwepo. Waliozitumia kalamu hizi wakiwa vijana wanatuaga mmoja baada ya mwingine. Kila mazishi ya mwalimu mkongwe ni maktaba inayofungwa, na mara nyingi jivu la maktaba hiyo liko jikoni.

Wala sidai kwamba nibu humfanya mtu awe na akili. Hata hivyo, nimeona jambo moja darasani. Mwanafunzi anayeandika insha kwa kalamu ya nibu hawezi kuikandamiza wala kukimbia nayo. Ikikimbizwa, hukwaruza na kutoa mabaka. Humlazimu apunguze mwendo, na apunguzaye mwendo hupata nafasi ya kufikiria sentensi kabla haijafika kwenye karatasi. Haraka haraka haina baraka, hasa katika insha. Na maadamu mtihani wa KCSE bado unaandikwa kwa mkono, mwandiko unaosomeka si anasa.

Kwa hivyo natoa rai, na ni ndogo. Kila shule ya eneo hili yenye chama cha Kiswahili au cha historia itenge muhula mmoja wa kazi hii. Mwanafunzi aende kwa babu, nyanya au jirani aliyekuwa mwalimu, karani, muuguzi au katibu wa kanisa. Asiombe kalamu. Aombe kwanza kuonyeshwa lolote lililoandikwa kwa kalamu hiyo, na kama wenyewe wameridhia, alinakili kwa mkono wake au alipige picha, akitaja liliandikwa wapi na mwaka gani. Yaliyo ya thamani kwa umma familia ishauriwe kuyapeleka kwa wataalamu wa Nyaraka za Taifa au makumbusho ya Nyeri, ambayo yenyewe yamo katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika enzi za ukoloni. Na kalamu, ikipatikana, isafishwe, ijazwe wino, iandikie kumbukumbu za mikutano ya chama hicho. Hivyo ndivyo itakavyorudi kazini.

Kwa wakusanyaji wenzangu, mnaozisaka sokoni na kwa mafundi wa saa, nina neno moja. Msinunue nibu bila kuuliza jina la aliyeishika, na msiondoke na kalamu mkaacha sanduku la karatasi likingoja mvua. Dhahabu iliyo nchani mwa nibu ni chembe ndogo sana. Mali yenyewe ni yale iliyoyaandika, na mali hiyo, tusipoiwekea daftari, itapotea bila habari.